Safari Isiyo na Haraka: Msafara wa Chuma na Thomson Mpaka Unyakyusa, Mwaka 1879

Basi litokalo Dar es Salaam alfajiri huweza kufika Tukuyu usiku wa siku hiyohiyo. Abiria hushuka mgongo umemchoka, na ukimwuliza ameona nini njiani, aghalabu atakutajia vituo vya mizani na bei ya mahindi ya kuchoma. Katika mwaka 1879 msafara mmoja ulitoka katika mji huohuo ukaja katika nchi hii ya Wanyakyusa, nao ulitumia miezi minne. Tumeuchagua tuuzungumze leo. Haukuwa msafara wa kwanza kufika huku. Tumeuchagua kwa sababu ulikwenda polepole kwa kusudi, na mwendo huo ulifikiriwa sana kabla ya mtu hata mmoja kujitwisha mzigo.

Watu hudhani kwamba mwenye haraka ndiye anayehitaji kujitayarisha, naye aendaye taratibu yatosha afunge kikapu na kuondoka. Mambo ya msafara huu yaonyesha kinyume chake. Aendaye taratibu katika nchi asiyoijua ana siku nyingi za kula, siku nyingi za kuugua, na watu wengi wa kusikilizana nao. Hayo yote sharti yahesabiwe kwanza.

Msafara ulitumwa na Chama cha Jiografia cha Kifalme cha London. Kazi yake ilikuwa kutafuta njia kutoka pwani mpaka kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na kutoka hapo mpaka Ziwa Tanganyika. Mkubwa wake alikuwa Keith Johnston, mtaalamu wa ramani. Msaidizi wake alikuwa Joseph Thomson, kijana wa Uskochi aliyesomea elimu ya mawe na ardhi, ambaye alitimiza miaka 21 katika mwezi wa Februari mwaka huo. Walifika Unguja mwezi wa Januari 1879, wala hawakuondoka mara moja kwenda bara. Mvua za masika zilikuwa mbele yao, na katika masika bonde la Rufiji huwa ziwa, na njia za watu huwa njia za samaki. Basi wakaitumia nafasi ile kwenda Usambara kwa safari fupi ya majaribio. Huko walijifunza lugha kidogo, wakajua jinsi ya kupiga kambi, wakaona ni vyombo gani vyafaa na vipi ni uzito wa bure. Twaona hili lilikuwa jambo la busara kuliko mengi yaliyofuata. Hema likikosa kamba karibu na pwani, mtu hurudi dukani. Likikosa kamba Mahenge, hulala mvuani.

Waliporudi kutoka Usambara walitafuta watu, na hapa ndipo tunapofika kwa mtu ambaye safari yote ilimtegemea. Jina lake Chuma, nao Wazungu walimwita James Chuma. Kwa kuzaliwa alikuwa Myao. Alipokuwa mtoto alikamatwa akauzwa, kisha katika mwaka 1861 alifunguliwa kutoka katika msafara wa watumwa na Livingstone pamoja na wenzake, katika nchi za mto Shire. Akakua katika kumtumikia Livingstone. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, mwaka 1873, Chuma na mwenzake Susi pamoja na wenzao waliukausha mwili wake, wakauchukua kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mtu aliyeweza kuongoza watu wenye huzuni na njaa kwa miezi mingi namna ile, wakiwa na mzigo ambao kila kijiji kiliuogopa, hakuwa na haja ya kufundishwa uongozi.

Chuma alifanywa mnyapara wa msafara. Yeye ndiye aliyejua nani katika wapagazi wa Unguja ni mvivu, nani ni mtoro, nani atauvumilia mwezi wa tatu. Aliijua desturi ya kuzungumza na machifu, alijua wakati wa kutoa hongo na wakati wa kukataa kwa adabu. Jumla ya watu wa msafara walikuwa yapata 150. Mpagazi wa Unguja wa siku zile alilipwa aghalabu riale 5 kwa mwezi, na tena hakuondoka kabla hajapewa mshahara wa miezi kadhaa mkononi, kwa kuwa alikuwa na jamaa wa kuwaachia chakula na wadeni wa kuwanyamazisha.

Sasa tuwaombe wanafunzi wachukue kalamu, maana kuna hesabu moja ambayo mtu asipoifanya hawezi kuelewa safari za zamani. Posho ya mpagazi mmoja kwa siku ilikuwa kibaba cha nafaka, yaani kadiri ya gramu 680. Watu 150 walihitaji vibaba 150, nayo ni zaidi ya kilo 100 kila siku. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kadiri ya kilo 30. Basi chakula cha siku moja peke yake ni mizigo mitatu na zaidi. Chakula cha siku kumi ni mizigo 34. Chakula cha miezi minne ni mizigo zaidi ya 400, na hao wapagazi 400 wa kuichukua nao wana matumbo! Hesabu haina mwisho. Mtu hawezi kubeba chakula chake mwenyewe kutoka Dar es Salaam mpaka Unyakyusa. Ataweza kubeba vitu vya kununulia tu, na chakula chenyewe kitatoka mikononi mwa wakulima wa njiani.

Jambo hili ndilo lililoamua mwendo wa msafara. Msafara wenye kugombana na wenyeji ulikuwa msafara wenye njaa. Wanawake wakikimbilia msituni na vikapu vyao, fedha yote ya Chama cha London isingenunua muhogo mmoja. Ndiyo sababu siku iliyotumika kukaa barazani kwa chifu, kusalimiana, kungoja wazee waitwe kutoka mashambani, na kupeana zawadi, haikuwa siku iliyopotea, ijapokuwa katika daftari ya msafiri haina hata maili moja.

Vitu vya kununulia vilikuwa nguo za merikani na kaniki, shanga, na nyaya za madini. Hapo napo palitaka maarifa. Shanga zilizopendwa katika nchi moja hazikutazamwa katika nchi ya pili, na aliyenunua rangi isiyotakiwa alikuwa amebebesha watu wake mawe. Habari hizi hazikuandikwa katika kitabu chochote cha London. Zilikuwa vichwani mwa watu waliokwisha kutembea njia zile.

Pengine mtu atauliza, kwa nini wasitumie wanyama wa kubeba mizigo? Walijaribu wengine. Katika mwaka 1877 wamisionari wa Kiingereza walitaka kutumia magari ya ng'ombe kutoka Saadani kwenda bara, lakini mbung'o wakawaua ng'ombe. Na mwaka huohuo wa 1879 walishushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, tembo wanne wa Bara Hindi waliotumwa kwa fedha ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ili waonekane kama wataweza kuchukua mizigo mpaka Ziwa Tanganyika. Yasadikika watu wa pwani walistaajabu sana kuona tembo anayetii. Lakini wengi katika wanyama hao walikufa njiani. Bega la mtu likabaki kuwa gari la nchi hii kwa miaka mingi tena.

Msafara wa Johnston ulitoka Dar es Salaam tarehe 19 Mei 1879, masika yakiisha. Angalieni tarehe hiyo. Mwenye kuondoka mwezi wa Mei ana miezi ya kiangazi mbele yake, na anaweza kufika katika milima ya huku kusini kabla ya mvua za Novemba. Watu wa Rungwe mnajua vema maana ya jambo hili, kwa kuwa Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wenu uliotokana na moto wa milima huteleza kama sabuni.

Walakini matayarisho mazuri hayamzuii Mungu kufanya apendavyo. Kabla ya kutimia miezi miwili Johnston alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Alichukuliwa kwa machela mpaka Behobeho, kaskazini mwa Rufiji, na hapo akafariki tarehe 28 Juni. Akazikwa hapo hapo. Thomson alibaki peke yake, kijana wa miaka 21 asiyewahi kuongoza safari, akiwa na watu 150 na njia ambayo hakuijua. Angaliweza kurudi pwani wala hakuna ambaye angemlaumu. Alikata shauri kuendelea. Sisi twasema hivi: ushujaa ulikuwa wake, lakini uwezo wa kuutimiza ulikuwa wa Chuma. Laiti mnyapara angekuwa mtu dhaifu, wapagazi wangalitawanyika usiku uleule.

Tangu hapo walikwenda kwa taratibu ya misafara. Alfajiri hulia ngoma, mizigo hufungwa, kirangozi hutangulia na bendera, na mnyapara hutembea nyuma ya wote ili asiachwe mgonjwa wala mtoro. Kabla jua halijawa kali sana hutafutwa maji na kivuli, na kambi hupigwa. Wakivuka mto mkubwa hupumzika. Wakifika mahali penye chakula tele hukaa siku mbili, wakatwanga na kusaga akiba. Thomson mwenyewe aliugua homa mara nyingi, na siku za homa zilikuwa siku za kungoja. Alipenda methali moja ya Kiitalia, ambayo maana yake ni kwamba aendaye taratibu huenda salama, na aendaye salama huenda mbali. Waswahili waliomfuata hawakuwa na haja ya kuletewa maneno hayo kutoka Ulaya, kwa kuwa walikwisha kujua kwamba haraka haraka haina baraka. Ila ni jambo jema bwana na wapagazi wake wakiwa na methali moja.

Walivuka nchi ya Mahenge, wakapanda nyanda za juu zenye baridi za Uhehe na Ubena, ambako watu wa Unguja waliozoea joto walitetemeka usiku kucha. Mwezi wa Septemba wakatelemka katika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa.

Nchi waliyoikuta ni hii yenu. Wageni wa siku zile waliwaita wenyeji Wakonde. Thomson aliisifu nchi hii katika kitabu alichokitoa mwaka 1881 kuliko karibu kila mahali alipopita: migomba isiyo na mwisho, nyumba safi zilizojengwa kwa ustadi, viwanja vilivyofagiwa, ng'ombe walionona. Sifa za wasafiri tusizipokee zote bila kupima. Mtu aliyetoka katika baridi na njaa ya milimani akaingia katika migomba atasema ameingia peponi. Lakini hata tukipunguza, ushahidi hauko mmoja. Frederick Elton, balozi mdogo wa Uingereza huko Msumbiji, alikuwa amepita hapa miaka miwili kabla, mwaka 1877, akitoka ziwani kwenda Usangu, naye aliipenda nchi vilevile.

Tukiwa tumemtaja Elton, tuseme kidogo habari zake, maana zaonyesha upande wa pili. Alipanda kutoka Unyakyusa akapita nyanda za juu ambazo baadaye Wazungu waliziita kwa jina lake, nazo ndizo Kitulo, mahali penye maua mengi ambapo tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa. Alipofika kwa Merere wa Usangu alikuta vita na Wahehe, akazuiliwa. Alipoendelea, kiangazi kilikuwa kimekwisha kumtupa mkono. Akafa Ugogo mwezi wa Desemba 1877, akiwa hajaiona pwani. Hatusemi kwamba alikuwa mjinga. Vita havikuwa katika kalenda yake. Twasema tu kwamba msafara wa 1879 uliwahi kufika wakati nchi ni kavu, nao haukukuta vita mlangoni.

Mtu wa Rungwe anayesoma habari hizi na akumbuke ile hesabu ya vibaba. Watu 150 wageni waliingia nchi hii na matumbo yao, wakala ndizi ambazo hawakuzipanda, wakaondoka wakiwa na nguvu. Ndizi zile zilipandwa na wazee wenu, zikauzwa na bibi zenu. Wanaoandika historia ya safari hutaja aliyepita, na mara chache humtaja aliyempikia.

Kutoka Unyakyusa msafara ulipita Unyika na nchi za magharibi, ukafika kusini mwa Ziwa Tanganyika mwanzo wa Novemba. Hapo Thomson alifanya jambo linaloonyesha jinsi alivyomwamini mnyapara wake. Alimwachia Chuma sehemu kubwa ya watu na mali, naye akaenda na watu wachache kuufuata ufuko wa magharibi mpaka mto Lukuga. Aliporudi aliwakuta watu wake, na safari ikaendelea kwa njia ya Tabora. Wakafika pwani mwaka 1880, baada ya miezi kama kumi na minne tangu kuondoka. Karibu wote waliotoka walirudi. Kwa misafara ya wakati ule hilo lilikuwa jambo la nadra mno.

Thomson akapata jina kubwa. Swala tomi wa mbugani huitwa kwa jina lake, nayo maporomoko ya Nyahururu huko Kenya yaliitwa hivyo zamani. Akafariki London mwaka 1895, hajatimiza miaka 40. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, wala hatujui mnyama wala mto uitwao kwa jina lake.

Baada ya hapo njia za Rungwe zilibadilika upesi. Wamisionari wa Kijerumani walikuja mwaka 1891, kisha Serikali ya Wadachi, na boma lao la Neu-Langenburg ndilo mji ambao leo ni Tukuyu. Mwezi wa Mei 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza lililotoka Nyasaland likaliteka boma hilo. Hapo ndipo mabega ya watu yalipotumiwa tena, lakini kwa haraka ya vita. Jeshi halingoji masika yaishe, wala halikai barazani kusalimiana. Wapagazi wa vita, ambao katika nchi za ziwa waliitwa tengatenga, walichukuliwa kwa maelfu pande zote mbili, wakatembezwa katika mvua, posho ikakosekana au ikaja unga usiofaa. Katika Afrika ya Mashariki nzima walikufa makumi ya maelfu, walio wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Ni mtu yuleyule, na mzigo karibu uleule, na mara nyingi njia ileile. Tofauti ni kwamba wapagazi wa Chuma walikuwa na mtu aliyewahesabia vibaba na siku za kupumzika.

Motokaa nazo zilipokuja hazikuiondoa hesabu, ziliigeuza tu. Paul Graetz, Mjerumani, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa tarehe 10 Agosti 1907, akafika Swakopmund katika pwani ya magharibi tarehe 1 Mei 1909. Ni siku 630, na mtu wa miguu angaliweza kumpita. Petroli yake ilitangulizwa mbele na wapagazi na kuwekwa akiba mahali mahali. Kibaba kilikuwa kimegeuka kuwa debe.

Leo mwenye Landrova atakaye kuizunguka nchi hii bila haraka ana raha ambazo Thomson hakuziota, walakini maswali yake ni yaleyale. Aje katika miezi ya Juni mpaka Oktoba. Achukue petroli ya kumtosha pale Tukuyu kabla ya kuingia njia za ndani. Akipanda Kitulo kwa upande wa Chimala, kona za mlima watu huzihesabu kuwa 57, basi aondoke asubuhi. Akitaka kutelemka ziwani, yuko huru kufuata barabara kubwa ya Kyela. Lakini iko pia njia ya Masoko na Ipinda, ipitayo kando ya ziwa dogo lililo katika shimo la mlima wa moto, ambamo wenyeji husimulia kwamba Wadachi walitupa fedha zao. Huko asimame, ashuke garini, asalimie kwa desturi ya watu wa hapo, aulize kama daraja la mbele li zima. Wazee waliokaa kivulini wanajua hali ya njia ya wiki hii, na ramani haijui. Tena anunue ndizi zake hapohapo kwa mama aliyezileta barabarani, wala asizibebe kutoka mjini.